Damu Iliyowekwa Kando

3 Machi 2013, Jumapili

Watu wa mradi wa kilimo wamekipa kikundi chetu kipimamvua, kile kikombe kirefu cha plastiki chenye mistari, na kikundi kimenipa mimi. Nimekifunga kwenye nguzo nyuma ya zizi. Kila asubuhi nitazame maji na kuandika. Walisema wamenichagua kwa sababu nina mwandiko mzuri. Mimi nadhani ni kwa sababu hakuna mwingine aliyekubali kuamka mapema kwa kazi isiyolipwa.

Wameniambia niandike mvua tu. Lakini daftari ni nene na masika ni ndefu, na hapa kijijini Daudi, mtu akimwambia jirani jambo asubuhi, jioni analisikia kanisani likiwa limeota mkia. Afadhali karatasi.

Nyumbani tuko wanne: mimi Basili, mke wangu Juliana, binti yetu Glory, na mama yangu Philomena, ambaye ni mwenyekiti wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, wa kigango na hasahau jambo. Juliana ana mimba ya miezi sita. Yeye ni Mbarabaigi, binti wa mzee Gidahosh wa kule tambarare chini ya Katesh. Nilimkuta akihudumu kwenye hoteli ya chakula kando ya barabara ya Singida, pale Katesh. Nilikula pale chai na maandazi wiki nzima bila njaa yoyote.

4 Machi

Manyunyu. Maharage yanahitaji palizi.

9 Machi

Siku mbaya. Kaka yangu Emanuel alikuwa anateremsha mbolea kwa mkokoteni, udongo ukateleza, mkokoteni ukamlalia mguu. Mfupa ulitoka nje. Tulimpeleka mjini Mbulu kwa gari la mwalimu, damu ikichuruzika njia nzima hadi nikaogopa kutazama chini.

Hospitalini wakasema anahitaji damu, ndugu wajitolee. Nikawa wa kwanza kukunja mkono wa shati. Shemeji yangu Festo, kaka yake Juliana, alikuwa amekuja kututembelea, naye akakunja. Tukalala vitanda viwili sambamba tukitaniana. Nikamwambia, "Shemeji, damu ya Kibarabaigi ikiingia kwa Emanuel, ataanza kuiba ng'ombe." Akanijibu, "Na ya Kiiraqw ikiingia, atakaa ndani anahesabu vitunguu."

Damu ya Festo ilipelekwa kwa Emanuel. Nilipouliza yangu, yule kijana wa maabara alisema, "Yako imewekwa kando kidogo, mzee." Kidogo kwa nini? Akajifanya anatafuta kalamu, na kalamu ilikuwa sikioni kwake.

12 Machi

Nimeenda kumwona Emanuel. Anaendelea vizuri, analalamikia uji, maana yake amepona. Nikiwa natoka, nesi mmoja wa makamo anaitwa Hilda akaniita kwenye chumba kidogo na akafunga mlango. Nesi akifunga mlango, mtu mwenye akili anaanza kusali.

Akasema, "Kaka Basili, damu yako tuliipima kabla ya kumpa mgonjwa. Imeonekana una kirusi cha homa ya ini, aina ya B. Si Ukimwi. Huo tumepima, huna."

Nikamwambia wamechanganya chupa. Tulilala wawili pale, mimi na Festo, na yule kijana ana kichwa cha kusahau. Hilda hakukasirika. Akasema kipimo kimerudiwa, lakini kama nina shaka tuchukue damu nyingine sasa hivi, nikiangalia. Wakachukua. Niliisindikiza ile chupa kwa macho hadi mezani. Majibu yakawa yale yale.

Alieleza taratibu. Wengi wanakaa nacho miaka na hawaumwi. Wengine kinawaharibu ini polepole. Nirudi baada ya miezi sita, ndipo watajua kama mwili umekitoa au nimeishi nacho tangu zamani. Kwa sasa sihitaji dawa, ila niache pombe kabisa, nisichangie wembe wala mswaki. Kikombe, sahani, kushikana mikono havina neno. Watoto wetu wakichanjwa kliniki, chanjo hiyo imo. Na mke wangu apimwe mapema kabla hajajifungua. Akiwa hana, achanjwe. Akiwa nacho, mtoto anaweza kukipata siku ile ile ya kuzaliwa, kwa hiyo lazima wajiandae.

"Usichelewe na hilo," alisema. "Ndilo kubwa kuliko yote."

Nikamuuliza kinapatikana wapi. Akasema mtu anaweza kukipata kwa mama wakati wa kuzaliwa, au utotoni, au kwa wembe na visu vya kuchangia, au kwa kujamiiana.

Alitaja mengi. Mimi nilisikia la mwisho tu.

13 Machi

Mvua kubwa. Njia nzima ya kurudi jana nilikuwa nafikiria hoteli ya Katesh. Madereva wa malori. Wafanyabiashara wa ng'ombe wenye kofia kubwa. Na tabasamu la Juliana, lile lililonifanya nile maandazi wiki nzima. Nani mwingine alikula maandazi?

15 Machi

Sijamwambia. Nitamwambiaje kabla sijajua aliyeanza?

Nimetenga kikombe changu, sahani na kijiko. Naviosha mwenyewe na kuviweka dirishani. Hilda alisema kikombe hakina neno, lakini nesi hulipwa ili atulize watu. Juliana akauliza, "Baba Glory, umekuwa mgeni?" Nikasema tumbo linanisumbua.

20 Machi

Mama anatazama kile kikombe dirishani. Anakitazama, ananitazama, anarudi kukitazama. Hasemi. Mama asiposema, jambo ni zito.

24 Machi

Jumapili ya Matawi. Mvua tangu misa hadi jioni. Palizi imesimama.

31 Machi, Pasaka

Baada ya misa tulikwenda kwa jirani. Kibuyu cha pombe kikazunguka kama kawaida, kila mmoja anapiga funda na kumpa wa pili. Kilipofika kwangu nikakipitisha bila kunywa. Mara ya kwanza wakacheka. Mara ya pili wakanyamaza. Mzee Tluway, ambaye hajawahi kunyamazia jambo, akasema, "Basili, pombe ya Pasaka haina kosa. Wewe una kosa gani?" Nikasema dawa za minyoo. Hakuna aliyeamini, hata mimi nisingeamini.

Nimewatazama wote pale. Nilitahiriwa pamoja na watatu kati yao, kwa kisu kimoja, asubuhi moja. Nimekunywa nao tangu ndevu zinaota. Kama nimekipata kwa mmoja wao? Lakini wao wanakunywa, wananona, wanaimba. Nikarudi kwa Juliana tena. Kikulacho ki nguoni mwako.

3 Aprili

Milimita nyingi kuliko siku zote. Nikimwangalia akitembea na lile tumbo moyo unaniuma, kisha nauambia moyo uache ujinga.

6 Aprili

Nimekosea. Nilikuwa shamba la bondeni nikichimba matuta ya vitunguu saumu, simu nimeiacha mezani. Niliporudi Juliana alikuwa ameketi nayo mapajani.

"Hilda amepiga," alisema. "Mara nne. Nikapokea ya nne. Mwanamke akauliza, 'Basili umeshamwambia?' Aliposikia sauti yangu akakata."

Nilisema ni mtu wa hospitali, mambo ya mguu wa Emanuel. Akauliza ni nini hicho ambacho sijamwambia. Nikasema bili. Emanuel alitoka hospitalini wiki iliyopita.

7 Aprili

Sasa tunatazamana kama wanyama wawili kwenye kisima kimoja.

10 Aprili

Mvua ndogo. Mama na Juliana wananong'ona jikoni, nikiingia wanazungumzia chumvi.

14 Aprili, Jumapili

Ya leo naandika yote.

Baada ya misa tulikaa nje, mvua imepumzika. Mama alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, Glory anachezea maganda. Juliana akasimama mbele yangu, mkono kiunoni.

"Baba Glory, huyo mtoto amekufa lini?"

Nikadhani nimesikia vibaya. Mtoto gani?

"Wa Hilda. Mama ameniambia maana ya kikombe."

Hapo ndipo nikaelewa, na ningecheka kama nisingekuwa na hasira. Zamani kwetu Wairaqw mtu aliyefiwa na mtoto alikuwa anatengwa. Chombo chake peke yake, hanywi kibuyu kimoja na watu, haingii kwa jirani, hadi kipindi kiishe. Metimani. Sisi wa kanisa hatufanyi tena, lakini wa umri wa mama wanajua alama zake zote. Kikombe dirishani, kibuyu kilichopitishwa siku ya Pasaka, mwanamke anayepiga simu na kukata. Mama alikuwa ameunganisha kila kitu vizuri sana, akapata mtoto aliyezaliwa nje na akafa, nami najitenga kimya kimya ili nisiwachafue wengine.

"Mwanangu," mama akasema bila kuinua uso, "kama ni hivyo tuambie tukusaidie kulia."

Ningeweza kusema ukweli kwa upole wakati ule. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Badala yake nikapandisha sauti. Nikasema sina mtoto nje wala hawara, nina ugonjwa kwenye damu, homa ya ini, na ugonjwa huo unaletwa kitandani. Nikasema mimi najijua. Nikamwuliza Juliana alilala na nani kule Katesh, dereva gani, mchuuzi gani. Nikasema, "Aliyenipa ugonjwa huu ni mtu mchafu, na sina haja ya kumtafuta mbali."

Glory akaanza kulia. Juliana hakulia. Aliuliza jambo moja tu.

"Umejua tangu lini?"

Nikasema tangu mwezi wa tatu.

"Na mimba hii unaiona kila siku."

Akaingia ndani. Mama aliendelea kuchambua maharage, lakini niliona anatupa mazima na kubakiza mabovu.

16 Aprili

Juliana amekwenda mjini mwenyewe, asubuhi, kwa gari la mbogamboga. Nilimfuata kwa pikipiki nikamkuta ameshatoka kwa Hilda. Hana kirusi. Hajawahi kuwa nacho. Amechomwa sindano ya kwanza ya chanjo, bado mbili, na Hilda amesema haimdhuru mjamzito.

Nilipaswa kumshukuru Mungu pale pale mlangoni. Naandika ukweli wangu kwa sababu hakuna atakayesoma: jambo la kwanza lililonijia ni kwamba amempa yule kijana wa maabara kitu kidogo. La pili likawa aibu, lakini lilichelewa, na Juliana aliliona la kwanza usoni mwangu.

Hilda akanivuta pembeni. Hakuwa mpole leo.

"Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wewe ulikuwa unamponza na mtoto wako. Sasa sikiliza. Watu wengi wa huku wenye kirusi hiki walikipata wakiwa wadogo sana. Mlete mama yako apimwe. Na kaka yako."

Mama yangu! Mwenyekiti wa WAWATA! Nimemwambia Hilda achunge mdomo wake. Akasema, "Kaka, sijamtukana mtu. Nimetaja damu." Nikaondoka.

17 Aprili

Mvua. Juliana anapika, anapakua, anaweka mbele yangu, anaondoka. Hasemi hata kwa ukali. Ningependa aseme kwa ukali.

20 Aprili

Mama na Juliana wamekwenda mnadani pamoja tangu asubuhi. Wamerudi jioni, viatu vimejaa tope, hawajanunua hata kiberiti. Nimeuliza mnada ulikuwaje. Mama akasema, "Watu walikuwa wengi." Kisha akaenda kulala kabla ya chakula, jambo ambalo hajafanya tangu baba afariki.

Kuna kitu wanakijua. Naapa kuna kitu.

22 Aprili

Festo amekuja akamchukua dada yake na Glory. Nilisimama mlangoni nikauliza wanakwenda wapi na mimba ya miezi saba na nusu kwenye njia hii. Festo, ambaye tulilala vitanda sambamba tukicheka, akasema, "Shemeji, sogea."

Juliana amesema anakwenda kujifungulia Katesh, karibu na mama zake. Sikuuliza kama atarudi. Niliogopa.

25 Aprili

Mvua. 

26 Aprili

Mvua. Nimekula viazi baridi.

29 Aprili

Nyumba ina sauti zake ikiwa tupu. Mama yumo, lakini amekuwa mtu wa kukaa chumbani. Leo nimemkuta anaosha sufuria ile ile kwa mara ya tatu. Nikamwambia, mama, imetakata. Akasema, "Huwezi kujua."

Nimerudisha kikombe changu kabatini. Sasa namwona mama ametoa chake na kukiweka dirishani, pale pale kilipokuwa changu. Nimemuuliza ni nini. Akaenda kuosha mikono. Nikadhani ananikejeli, nikakasirika nikatoka. Nadhani hivyo bado, ingawa mama yangu si mtu wa kejeli.

5 Mei

Mvua zinapungua, asubuhi ukungu mtupu. Festo amepiga simu, amesema kwa kifupi kama anasoma tangazo. Wanawake wa kwao wamesikia. Wataketi Jumamosi. Ninaitwa.

Juliana aliwahi kunisimulia habari hizi siku za uchumba, nikadhani ananitania. Wabarabaigi wana baraza la wanawake. Mwanamume akimkosea mwanamke, hasa mwenye mimba au aliyejifungua, wanawake wanakusanyika, wanamsikiliza, wanamhukumu, na wanaume wote, hata wenye ng'ombe mia, wanakaa mbali na kunyamaza. Nikamwambia mama siendi, mimi ni Mwiraqw na Mkristo, sina baraza na mtu.

Mama akasema, "Utakwenda. Na mimi nakwenda."

11 Mei

Tumefika kwa mzee Gidahosh jana jioni. Nilisema shikamoo baba, akasema marahaba, akanionyesha pa kulala. Hakuna zaidi. Mlima Hanang ulikuwa umefunikwa wingu hadi magotini.

Leo asubuhi wanawake walitokea kila upande wa mbuga. Sikujua tambarare ile ina watu wengi vile. Wazee waliovaa sketi za ngozi, mabinti waliovaa jinzi na shuka juu, kila mmoja na fimbo. Wakaketi chini kwenye uwanja wa nyasi mbali na maboma. Mimi nikaambiwa nikae peke yangu mbele yao, chini. Juliana alikuwa katikati yao, tumbo kubwa, hanitazami. Glory alikuwa mgongoni mwa binamu yake.

Msemaji alikuwa mama yake mkubwa Juliana, bibi mrefu aliyekauka, mwenye makovu ya duara kuzunguka macho. Alisema Kibarabaigi, na binti mmoja aliyesoma sekondari akanitafsiria. Waliniuliza kwanza kama ni kweli nilijua habari ya damu yangu, na kwamba mtoto angeweza kudhurika, na nikakaa kimya mwezi mzima. Nikasema ni kweli. Wakanguruma. Wakaniuliza kama ni kweli nilimwita Juliana mchafu. Nikasema sikumtaja jina. Bibi akatafsiriwa jibu langu, akaguna, na wanawake wengine wakacheka kicheko ambacho sikukipenda.

Akaniuliza, "Kwa nini ulimtazama yeye kwanza?"

Nilikuwa na majibu mengi njiani. Hoteli, malori. Pale chini hayakuwa na miguu. Nikasema, "Kwa sababu alikuwa karibu." Nilisikia ninavyosikika.

Kisha mama yangu akasimama. Hakuwa ameambiwa asimame. Wengine wakataka kumzuia, ni mgeni, ni Mwiraqw, bibi akainua fimbo, wakanyamaza. Mama akasema kwa Kiswahili, taratibu, ili binti apate kutafsiri.

"Mimi ni Philomena, nimemzaa huyu. Mkwe wangu alipotoka kupimwa aliniambia yale nesi aliyosema, kwamba mtoto hukipata kwa mama yake. Nikamwomba anipeleke. Tulisema tunakwenda mnadani. Nimepimwa. Ninacho. Nimekaa nacho, wanasema, labda tangu niko mdogo. Nilizaa watoto watano. Wawili walikua. Mmoja wa hao ndiye huyu."

Akafuta mdomo kwa upande wa shuka.

"Alisema aliyempa ugonjwa ni mtu mchafu na hana haja ya kumtafuta mbali. Mimi nilikuwa pale nachambua maharage. Nimekuja ili msimhukumu kwa jambo la Juliana peke yake. Nimekuja na langu."

Sikuweza kuinua kichwa. Nilikumbuka sufuria ile ile ikioshwa mara tatu, na kikombe dirishani, ambavyo nilivitazama siku zote na kuviona kejeli. Mwezi mzima nilikuwa nawachunguza watu wote, na mama yangu alikuwa anajitenga mbele ya macho yangu kama mtu wa metimani, nami nikamkasirikia.

Bibi mwenye makovu alinielekezea fimbo. Kisha akaniuliza, na binti alisitasita kabla ya kutafsiri.

"Umemsikia mama yako. Huyu naye ni mchafu?"

Hata upepo niliusikia kwenye nyasi. Nikatikisa kichwa. Bibi akasema kutikisa kichwa si jibu, punda pia hutikisa. Nikasema, "Si mchafu." Akasema, "Wale nyuma hawajasikia." Nikapaza sauti. "Mama yangu si mchafu! Na mke wangu si mchafu! Mimi ndiye niliyechafua nyumba!" Nililia mbele ya wanawake mia na sijali nani atasimulia Daudi.

Nikaamriwa kuondoka ili washauriane. Hukumu: dume jeusi, lisilo na doa, nilitafute mwenyewe na kulileta kwa miguu yangu, wao walichinje na kulila, mimi nisionje. Nikikataa, watanilaani, na mzee Gidahosh alinieleza kwa sauti ndogo kwamba hajawahi kuona mtu aliyekataa.

Niliuliza kama Juliana atarudi kwangu. Wakasema hilo si la baraza, ni la Juliana.

14 Mei

Nimezunguka kutafuta dume jeusi. La kwanza lilikuwa na doa jeupe chini ya tumbo, mwenye ng'ombe akasema halionekani. Nikamwambia wale wanawake wataliona.

18 Mei

Nimelifikisha. Miguu imechubuka. Juliana aliniletea maji ya kunywa. Alisubiri nimalize ndipo akachukua chombo.

23 Mei

Emanuel amepimwa. Hana. Tumezaliwa tumbo moja, amelala kitanda kimoja na mimi, na hana. Hilda anasema ndivyo ilivyo, na kwamba hata kwangu hakuna awezaye kuapa ni mama au ni kisu cha jando. Mwezi wa tatu jibu kama hilo lingeninyima usingizi. Nimelisikia na nimekwenda kuchimba vitunguu.

30 Mei

Ukungu, hakuna mvua. Mama amekwenda kwa Hilda tena, safari hii na mimi. Ini lake limechoka kidogo, atafuatiliwa. Njiani kurudi nilimwomba msamaha. Akasema, "Nimeshasikia uwanjani, na wa nyuma wamesikia." Lakini bado anaosha mikono kupita kiasi, na watoto wa jirani wakimkimbilia anarudi nyuma.

9 Juni, Jumapili

Juliana amejifungua jana mchana, kituo cha afya cha Katesh. Mvulana. Sisi tulifika leo asubuhi, mimi na mama.

Juliana alikuwa ameketi kitandani, amechoka, uso umejaa nuru ya aina yake. Aliniruhusu niketi ukingoni. Nilimuuliza kama anataka jina nimpe mimi au ampe baba yake. Akasema, "Tutaona tukishafika nyumbani wote." Tukishafika nyumbani wote! Nililirudia neno hilo moyoni kama mtu anayehakiki noti, nikaona halina kasoro.

Kisha akamnyanyua mtoto akamwelekeza kwa mama. "Mama, mpokee."

Mama akarudi nyuma hadi ukutani. Akaificha mikono ndani ya shuka. "Hapana, binti yangu. Mimi namwona hapa hapa. Anapendeza. Namwona vizuri kabisa."

"Mama, Hilda amekueleza."

"Amenieleza. Lakini nilishamshika mmoja, na mnaona."

Nikasimama, nikamchukua mwanangu kutoka kwa Juliana, nikaenda ukutani. Nilimfungua mama shuka kwa mkono mmoja kama anavyovuliwa mtoto, nikaukunjua mkono wake mmoja, kisha wa pili, na nikamweka mtoto juu yake. Mtoto akapiga chafya, akalala.

Mama alimtazama kwa muda mrefu. Kisha bila kuambiwa akamsogeza kifuani, akamkunjia kiwiko chini ya shingo, akaanza kuyumba kidogo kidogo. Nilimtazama nikajua kwamba mimi pia nilishikwa hivyo hivyo, kwa mikono ile ile. Kama alinipa kirusi, alinipa pamoja na uhai wangu, kwa siku moja. Masika nzima niliulizia aliyenipa kimoja tu kati ya hivyo viwili.